Nyumba Isiyo na Kifani: Uhakiki wa Istilahi za Bei ya Nyumba

Dalali wa nyumba, awe wa Kariakoo au wa Newala, ana sifa moja isiyompungukia kinywani: "Nyumba hii haina kifani." Hunena hivyo ili aipandishe nyumba cheo, na bei yake iifuate. Lakini mnunuzi ambaye angelisikia neno hilo kwa maana yake barabara, angelishituka. Nyumba isiyo na kifani ni nyumba ambayo haikupata kuuzwa nyingine iliyofanana nayo, na kwa hiyo hakuna pa kuipimia bei inayotajwa. Sifa ya dalali, ikichukuliwa kama ilivyo, ni onyo.

Makala haya yanahakiki istilahi zinazotumika leo mtu anapotaka kujua nyumba aitakayo imestahili bei gani, kwa kutazama nyumba za namna hiyo ziliuzwa kwa kiasi gani. Jambo hili si la wataalamu peke yao. Tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini Tanzania, kila neno la mkataba wa nyumba laweza kufikishwa mbele ya baraza la ardhi na kuulizwa maana yake. Neno lenye maana tatu huko si utajiri wa lugha. Ni hasara ya mtu fulani.

1. Mwalimu wa Mnyambe na majibu matatu

Hebu tumchukue, kwa mfano, mwalimu aliyefundisha miaka mingi Mnyambe, katika Wilaya ya Newala. Anakaribia kustaafu, na amekusudia kununua nyumba Newala mjini, karibu na hospitali na soko. Fedha anayoitegemea ni kiinua mgongo chake, ambacho hulipwa mara moja tu. Akikosea, hana mshahara mwingine wa kuzibia pengo.

Mwalimu huyu si mgeni wa mambo ya bei. Kama walivyo watu wengi wa uwanda wa Makonde, anayo mikorosho, na habari za mnada huzifuata msimu hata msimu. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008, korosho huuzwa kwa ushindani wa wanunuzi, nayo bei ya juu na bei ya chini ya kila mnada hutangazwa, kwa kilo na kwa daraja. Mkulima wa Mnyambe, wa Kitangari au wa Masasi hujua siku ile ile shilingi ngapi zimepatikana. Hana haja ya kumwuliza mtu siri yake.

Sasa anakwenda kuitazama nyumba: vyumba vitatu, tofali za kuchoma, paa la bati. Dalali anamwambia, "Mwenye mali anasema milioni thelathini, lakini maongezi yapo." Mwalimu anafanya lililo sahihi kabisa: anaulizia nyumba ya jirani iliyouzwa mwaka uliotangulia. Dalali anamjibu kwamba bei yake ilikuwa milioni 25. Jirani aliyeshuhudia fedha zikihesabiwa anasema bei ilikuwa milioni 22. Na hati iliyotiwa sahihi inaonyesha kwamba bei ilikuwa milioni 15.

Mwalimu atadhani kwamba wawili kati ya hao wamemdanganya. La, kila mmoja ametaja "bei" aijuayo. Milioni 25 ndizo zilizotajwa na muuzaji alipoitangaza nyumba. Milioni 22 ndizo zilizotoka mkononi mwa mnunuzi zikaingia mkononi mwa muuzaji. Milioni 15 ndizo zilizoandikwa, kwa kuwa kodi na ushuru huambatana na kiasi cha bei na wapo wanaoandika pungufu. Mambo matatu yamevikwa neno moja, na mwalimu ameshindwa kujua lipi ashike. Akishika la kwanza, atalipa kupita kiasi. Akishika la tatu, atatoa bei ya kuchekesha na kuikosa nyumba.

2. Bei na thamani

Msingi wa mambo haya ni tofauti ya maneno mawili ambayo hata wasomi huyabadilishana ovyo: bei na thamani. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, lakini Kiswahili hakikuyachukua kama yalivyokuwa. Huko kwao, asili ya neno bei ni tendo la kuuza. Asili ya thamani ni fedha inayolipwa. Na kima, ambalo sisi tunalo kwa maana ya kiasi au kipeo, ndilo lililobeba maana ya ubora wa kitu. Waswahili waliyapanga upya. Bei ikawa fedha inayolipwa, na thamani ikawa ule ustahili wa kitu, hata kama hakijauzwa wala hakitauzwa. Mpangilio huo ni mzuri sana, na hatuna sababu ya kuuvuruga.

Kutokana na mpangilio huo yafuata kwamba bei ni tukio. Ilikuwa siku fulani, kati ya watu fulani, na mashahidi waliiona. Thamani ni hukumu ya akili. Mtu huikadiria, na mwingine aweza kuikadiria vingine. Mthamini hatoi bei, hutoa rai juu ya thamani. Muuzaji na mnunuzi hawatoi thamani, hufanya bei.

Historia ya nchi yetu imewahi kuonyesha uzito wa neno hili. Mwaka 1971, Sheria ya Kutwaa Majumba ilipopitishwa, majengo ya kupangisha ambayo thamani yake ilizidi shilingi 100,000 yalichukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwenye jumba alibaki nalo au alilipoteza kwa kufuata nambari iliyoandikwa mbele ya neno thamani.

Katika miaka ile, na kwa muda mrefu baadaye, ardhi tupu ilihesabiwa kuwa haina bei. Kilichouzwa au kufidiwa kilikuwa maendelezo: nyumba, kisima, miti. Fikra hiyo iliwakaa vizuri watu wa uwanda wa Makonde, ambako shamba huelezwa kwa idadi ya mikorosho yake. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, ziliweka miongoni mwa misingi yake kwamba maslahi ya mtu katika ardhi yana thamani, na kwamba thamani hiyo izingatiwe katika shughuli zinazoyahusu. Zilianza kutumika mwaka 2001. Kwa hiyo msamiati wa soko la nyumba na viwanja, ukiupima kwa umri wa lugha, ni mtoto mdogo. Tusistaajabu kwamba bado unatambaa. Lakini tusiuache utambae peke yake.

Hapa pana neno linalopaswa kukosolewa waziwazi: "bei ya soko". Kwa korosho neno hili lina maana, kwa kuwa soko lipo na mnada una siku yake. Kwa nyumba, mtu akisema "bei ya soko ni milioni 30", amesema nini? Nyumba hiyo haijauzwa, hivyo haina bei. Ina bei inayotajwa na muuzaji, na ina thamani inayokadiriwa. Msemaji amechukua matarajio ya mtu mmoja akayapa heshima ya watu wote. Tunashauri kwamba katika habari za nyumba itumike thamani ya soko, kwa maana ya rai ya mthamini juu ya fedha ambayo nyumba ingepata ikiuzwa kwa hiari. Na "bei ya soko" iachiwe mazao na bidhaa.

Kadhalika neno tathmini. Wanavijiji husema "watu wa tathmini wamekuja" wanapokusudia wathamini wa fidia. Sheria Na. 7 ya mwaka 2016 inahusu uthamini na usajili wa wathamini, na inamtaja Mthamini Mkuu wa Serikali. Neno uthamini limetulia, lina mtenda wake, mthamini, na kitenzi chake, kuthamini. Tathmini imekwisha kupata kazi nyingine ya kupima mafanikio ya mipango na masomo. Yafaa kila neno libaki shambani mwake.

3. Bei ya mwisho isiyo ya mwisho

Sasa tuzigeukie zile bei tatu za mwalimu. Ya kwanza, ile ya muuzaji, mitaani huitwa "bei ya kuanzia" au huelezwa kwa kauli nzima: "anataka milioni thelathini". "Bei ya kuanzia" si jina baya, lakini katika mnada jina hilo hilo hutajwa kwa kiwango cha chini ambacho watu hupanda kutoka hapo. Kwa nyumba ni kiwango cha juu ambacho watu hushuka kutoka hapo. Jina moja haliwezi kupanda na kushuka ngazi kwa wakati mmoja. Sisi tunapendelea bei tajwa, kwa mfano wa kwanza wa maneno kama "nyumba tajwa" ambayo wanasheria wameyazoea. Ni fupi, na inaeleza kwamba kilichofanyika ni kutaja tu.

Ya pili, ile iliyolipwa, wengi huiita "bei ya mwisho". Istilahi hii ni mtego. Katika mazungumzo ya biashara, "bei ya mwisho ngapi?" ni swali linaloulizwa katikati ya maongezi, na jibu lake ni kiwango ambacho muuzaji adai hatashuka zaidi. Kisha hushuka. Kila aliyewahi kununua hata kanga sokoni anajua kwamba bei ya mwisho aghalabu hutajwa mara tatu. Mtu akiandika katika daftari kwamba bei ya mwisho ya nyumba ilikuwa milioni 23, msomaji hawezi kujua kama hizo zililipwa au zilikataliwa.

"Bei ya mauzo" ni afadhali, lakini nayo ina kilema. Mauzo ni kazi ya muuzaji. Neno latokana na -uza, na latazama upande mmoja. Lugha yetu imetupa kauli ya kutendeana, nayo imekwisha kuzaa neno linalotumika katika ofisi zetu zote: mauziano. Hati ya mauziano haiwi hati mpaka pande mbili zimekubaliana na kutia sahihi. Basi fedha iliyokubaliwa na kulipwa iitwe bei ya mauziano. Atakayeandika neno hili atakuwa amethibitisha kwamba nyumba imetoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Ya tatu, ile ya kwenye karatasi inapotofautiana na iliyolipwa, haihitaji jina la kuipamba. Iitwe bei iliyoandikwa. Jina hilo halimtuhumu mtu, wala halimficha.

4. Linganishi, linganifu, au kifani

Tumefika kwenye kiini. Nyumba iliyokwisha kuuzwa, ambayo kwa bei yake ya mauziano tunaipima nyumba nyingine, iitweje? Kanuni za mwaka 2001 za kukadiria thamani ya ardhi kwa ajili ya fidia zaagiza kwamba thamani ya soko ipatikane kwa njia ya kulinganisha, kwa ushahidi wa mauzo halisi ya karibuni ya mali zinazofanana. Au kwa njia ya mapato. Au kwa gharama ya kujenga upya, pale mali inapokuwa ya namna ya pekee isiyouzika. Sheria inataka ushahidi. Jina la ushahidi huo kwa Kiswahili halijatulia: tunasikia "mauzo linganishi", tunasikia "nyumba linganifu", na wengine huzunguka kwa kusema "nyumba zinazoendana".

Linganishi ni kivumishi kilichotokana na kulinganisha, na kazi yake tunaijua: isimu linganishi ni isimu inayolinganisha lugha, fasihi linganishi ni taaluma inayolinganisha fasihi. Chenye sifa hiyo ndicho kinacholinganisha. Basi njia linganishi ni istilahi safi kwa ile njia ya mthamini. Lakini "mauzo linganishi" yangekuwa mauzo yanayofanya kazi ya kulinganisha, jambo ambalo mauzo hayawezi. Anayelinganisha ni mtu.

Linganifu ina kosa la kinyume chake. Inatokana na kulingana, na chenye sifa hiyo kimekwisha kuwa sawa, kama pande mbili za umbo zinapolaliana bila kupungua wala kuzidi. Nyumba mbili hazilingani hivyo kamwe. Hata zikijengwa na fundi mmoja kwa ramani moja, moja itakuwa imekaribia barabara na nyingine imekaribia bonde. Istilahi ikimwambia mnunuzi kwamba nyumba zimekwisha kulingana, inamnyima kazi iliyo muhimu kuliko zote, yaani kuhesabu tofauti zilizobaki.

Wengine wamependekeza "nyumba fanani". Hii haifai, kwa kuwa walimu wa fasihi simulizi wamekwisha kumpa jina la fanani yule anayesimulia mbele ya hadhira.

Kanuni iliyozoeleka ya kuunda istilahi yatutaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, ndipo tuvuke mipaka. Safari hii hatuna haja ya kutoka nje ya nyumba. Neno lipo: kifani. Kifani ni kitu kinachofanana na kingine. Halisemi kwamba vitu hivyo ni sawa, lasema vinakaribiana kiasi cha kimoja kutufahamisha habari za kingine. Ni fupi, lina wingi wake, vifani, na lapokea sifa: kifani cha karibu, kifani cha mbali, kifani cha zamani.

Litapingwa, tunajua, kwamba neno hili ni la washairi, na kwamba katika usemi wa kila siku halionekani ila likikanushwa: hana kifani, pasi kifani. Hoja ya kwanza haina nguvu. Neno la mshairi likiajiriwa ofisini halipungukiwi hadhi. Hoja ya pili, kwa maoni yetu, yatutetea sisi. Watu wanaposema kitu hakina kifani, wanajua kabisa kwamba vitu vingine vinavyo. Zaidi ya hayo, ukanushi huo unatupa istilahi ya bure kwa kile kifungu cha mwisho cha Kanuni. Mali ya namna ya pekee isiyouzika, kama msikiti, kanisa au zahanati, ni mali isiyo na kifani. Hiyo ndiyo huthaminiwa kwa gharama ya kujenga upya. Neno la dalali lingepata hapo mahali pake pa haki.

5. Sifa za kifani, na kusawazisha

Si kila nyumba iliyouzwa ni kifani. Kwanza, mauziano yawe yamekamilika. Nyumba ambayo bado ina dalali si kifani, hata ikiwa pacha. Pili, yawe ya karibuni. Mtwara mjini, wakati wa matarajio ya gesi kabla ya mwaka 2015, watu walikimbilia viwanja na nyumba. Atakayetumia bei za wakati ule kupimia nyumba ya leo atakuwa anapima kwa kivuli cha asubuhi. Vivyo hivyo barabara ya Mtwara, Newala na Masasi, inayowekwa lami kwa vipande: nyumba iliyouzwa kabla ya lami kufika si kifani kizuri cha nyumba inayouzwa baadaye. Tatu, ziwe mahali pamoja au panapofanana. Nne, ziwe na umiliki wa aina moja. Nyumba yenye hatimiliki, nyumba yenye hati ya hakimiliki ya kimila na nyumba yenye karatasi ya mashahidi tu haziwekwi katika mizani moja.

Tano, pande zote ziwe huru. Katika jamii ya Wamakonde, mpwa akinunua nyumba ya mjomba wake, fedha inayolipwa ina undugu ndani yake, na haitufundishi chochote juu ya soko. Hali kadhalika mtu anayeuza katika miezi ya dhiki, kabla korosho hazijakomaa, ili apate fedha ya matibabu, huuza kwa bei ambayo mwezi wa Novemba asingeikubali. Tungependa kuyatofautisha hayo kwa majina: mauziano ya undugu na mauziano ya dhiki. Yaandikwe, lakini yasihesabiwe kuwa vifani.

Kifani kikipatikana, kazi ya kuhesabu tofauti tunaiita kusawazisha, na kila hesabu sawazisho. "Kurekebisha" au "kusahihisha" havifai, maana bei ya kifani haikuwa na kosa. Ilikuwa bei ya nyumba nyingine tu. Kanuni moja isisahauliwe: husawazishwa bei ya kifani, wala si ya nyumba inayotakiwa.

Tumrudie mwalimu wetu, kwa hesabu za kubuni. Nyumba anayoitaka haina kisima cha kuvunia maji ya mvua. Kifani cha kwanza ni ile nyumba ya jirani, bei yake ya mauziano milioni 22, nayo inacho kisima. Juu ya uwanda wa Makonde hili si jambo dogo. Mvua huzama mchangani, mito iko chini mabondeni, na maji ya bomba hupandishwa kwa pampu. Mwenye kisima uani ana akiba ambayo jirani yake hana. Tukiona kwamba wanunuzi wa hapo huongeza kama milioni 2 kwa ajili ya kisima, tunaziondoa: zabaki milioni 20. Kifani cha pili hakina kisima, lakini kiko mbali na barabara, na kiliuzwa kwa milioni 17. Tukiongeza milioni 2 kwa umbali, twapata 19. Kifani cha tatu kina chumba cha nne, kiliuzwa kwa milioni 24. Tukiondoa milioni 3, twapata 21. Vifani vitatu vyasema kwamba thamani ya nyumba ya mwalimu iko kati ya milioni 19 na 21. Bei tajwa ni 30. Sasa "maongezi yapo" yamepata mahali pa kuanzia.

Angalia pia kwamba milioni 2 za kisima si lazima ziwe gharama ya kukichimba na kukijenga. Fundi aweza kudai zaidi au pungufu. Sawazisho hufuata kile wanunuzi wanachokilipia, na hilo hufahamika kwa kulinganisha vifani vyenye kisima na visivyo nacho. Atakayechanganya sawazisho na gharama ataingia katika kosa la kudhani kwamba kila kilichogharimu fedha kimeongeza thamani. Mapagala mengi yaliyosimama kando ya barabara zetu, bila paa wala mnunuzi, yanashuhudia kinyume chake.

6. Daftari

Msomaji atauliza: vifani hivyo vitapatikana wapi? Hapo ndipo ugumu ulipo, na hapo ndipo istilahi inapopaswa kutumika. Uingereza, ofisi ya kusajili ardhi huchapisha bei zilizolipwa kwa nyumba za England na Wales, nyumba kwa nyumba, na kumbukumbu zake za wazi zaanzia mwaka 1995. Mnunuzi huko hufungua na kusoma. Kwetu, atakayefanya upekuzi kwa Msajili wa Hati hupata kujua mwenye mali ni nani na kama mali imewekwa rehani. Hilo ni jambo kubwa, lakini halimpi vifani. Huvipata kwa mdomo: kwa mwenyekiti, kwa majirani, kwa mashahidi wa mauziano, kwa mafundi, na kwa mthamini aliyesajiliwa ambaye huweka kumbukumbu zake mwenyewe.

Lakini vitabu vyaweza kuwapo. Kijiji kinachotoa hati za hakimiliki ya kimila hupaswa kuwa na masijala ya ardhi. Mtaa una mwenyekiti anayeshuhudia mauziano. Tatizo ni safu za daftari. Safu ikiandikwa "bei" tu, karani mmoja atajaza bei tajwa, wa pili bei iliyoandikwa, wa tatu bei ya mauziano, na baada ya miaka kumi kitabu kizima kitakuwa kama yale majibu matatu aliyopewa mwalimu. Safu ikiandikwa "bei ya mauziano", na nyingine "aina ya umiliki", na nyingine "undugu au dhiki", daftari hilo hilo litakuwa hazina ya vifani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tunathubutu kuongeza kwamba daftari bila istilahi hupoteza habari mali ikiwapo.

Watu wa Kusini wanalijua jambo hili kwa jina jingine. Kangomba, ununuzi wa korosho nje ya utaratibu kwa kipimo kisicho halali, ulipigwa vita kwa sababu mkulima hakuwa na mizani wala habari. Aliyekuwa navyo ni mnunuzi. Katika nyumba, mwenye mizani aghalabu ni dalali. Yeye ameshuhudia mauziano mengi na anavikumbuka vifani vyote, lakini havitaji ila vile vinavyompandishia bei. Kumpa mnunuzi maneno ya kumwulizia dalali huyo ni kumpa mizani yake mwenyewe. Aulize: "Hiyo ni bei tajwa, au ni bei ya mauziano? Mauziano yalikuwa lini? Kulikuwa na undugu?" Maswali matatu kama hayo yaweza kukiokoa kiinua mgongo.

7. Mapendekezo

Tunaziweka istilahi zifuatazo mbele ya wasomaji, wathamini, wanasheria na Baraza, zijadiliwe:

Bei tajwa: kiasi ambacho muuzaji ametaja kwamba anakitaka.

Bei ya mauziano: kiasi ambacho muuzaji na mnunuzi wamekubaliana na kimelipwa.

Bei iliyoandikwa: kiasi kinachoonekana katika hati, kiwe ndicho kilicholipwa au sicho.

Thamani ya soko: rai ya mthamini juu ya kiasi ambacho mali ingepata ikiuzwa kwa hiari ya pande zote.

Kifani (vifani): mali iliyouzwa karibuni, inayofanana na ile inayothaminiwa, ambayo bei yake ya mauziano inajulikana.

Njia linganishi: njia ya kukadiria thamani kwa vifani.

Sawazisho: kiasi kinachoongezwa au kuondolewa katika bei ya kifani kwa ajili ya tofauti iliyopo.

Mauziano ya undugu. Mauziano ya dhiki: mauziano ambayo bei yake haikutokana na uhuru wa pande zote mbili.

Mali isiyo na kifani: mali ya namna ya pekee ambayo haiuziki kwa kawaida, na ambayo huthaminiwa kwa gharama ya kujenga upya.

Hatudai kwamba zote zitakubaliwa. Huenda wathamini wakaona sawazisho ni zito, au wanasheria wakaona bei tajwa ni fupi kupita kiasi, nasi tutafurahi kusoma hoja zao katika kurasa hizi. Tunalolisisitiza ni moja: bei tajwa na bei ya mauziano zisiendelee kulala katika neno moja. Siku mwalimu wa Mnyambe atakapouliza nyumba ya jirani iliuzwa kwa bei gani, apate jibu moja. Na siku dalali atakapomwambia kwamba nyumba haina kifani, aweze kumjibu kwa utulivu, "Basi ndugu yangu, nitafutie yenye navyo."